Milimita za Ubao: Jinsi Kitabu cha Sheria Kinavyochonga Gari la Langalanga

Novemba 2025, Lando Norris na Oscar Piastri wa timu ya McLaren walimaliza mbio za langalanga, yaani Formula 1, za Las Vegas wakiwa wa pili na wa nne. Saa chache baadaye majina yao yalifutwa kwenye matokeo. Hawakuwa wamegonga mtu, hawakukata kona, na injini zao hazikukutwa na kasoro yoyote. Wakaguzi walipima ubao uliofungwa chini ya tumbo la kila gari, wakakuta umelika hadi kubaki chini ya milimita 9 zinazotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata nusu milimita. Wasimamizi wa mbio walikubali kwamba kosa lile halikuwa la makusudi, lakini adhabu haikubadilika.

Tangu hapo, kila hoja hiyo inapozuka vijiweni na kwenye makundi ya simu, watu hugawanyika. Wapo wanaosema McLaren walikamatwa wakiiba, na wapo wanaosema walionewa kwa jambo dogo lisilo na uzito. Nadhani pande zote mbili zinateleza mahali pamoja, kwa sababu zinalichukulia gari la langalanga kuwa chombo kinachobuniwa kwanza, kisha kikapelekwa kukaguliwa. Mambo huenda kinyume chake: gari hilo huandikwa kabla halijachorwa. Karibu kila mkunjo wa umbo lake una kifungu cha sheria nyuma yake, na mara nyingi yupo mtu aliyekisoma kifungu hicho kwa makini kuliko wenzake. Desemba 2024 sherehe za tuzo za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zilifanyika Kigali, na huko huko Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Mchezo huu umeanza kutusogelea, na ni vizuri tuujue kwa undani kuliko kushangilia rangi za magari tu.

Hewa inayosukuma chini

Aerodinamiki ni elimu ya namna hewa inavyokipita kitu na nguvu inazokiachia. Aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la basi lililo kwenye mwendo ameshaionja elimu hiyo: kiganja kikisimamishwa wima, mkono unasukumwa nyuma, kikilazwa na kuinamishwa kidogo upande wa mbele, mkono unashuka wenyewe. Msukumo wa kwanza ni ukinzani wa hewa, adui wa kasi kwenye barabara iliyonyooka. Wa pili ni mkandamizo, yaani nguvu ya hewa inayolisukuma gari chini, na huo ndio unaowakesha wahandisi wa Formula 1.

Kwa nini mtu atake gari lake likandamizwe? Chukua futio la penseli. Ukilipitisha juu juu kwenye karatasi linateleza. Ukilikandamiza kwa kidole linashika. Tairi nazo hushika lami kadiri zinavyokandamizwa, na tairi inayoshika vizuri huliwezesha gari kuingia kwenye kona kwa mwendo ambao gari la kawaida lingeruka nje ya barabara. Ungeweza kupata mkandamizo kwa kupakia mifuko ya saruji, lakini gari zito ni gumu kulipa kasi, kulipunguza kasi na kuligeuza. Hewa hukandamiza bila kuongeza mzigo. Kwa mwendo wa juu, mkandamizo wa gari la Formula 1 huzidi hata uzito wa gari lenyewe.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba bawa la nyuma limewekwa ili gari lielee wanalisoma kinyume. Ni bawa la ndege lililopinduliwa, na kazi yake ni kuvuta chini kile ambacho bawa la ndege hukiinua. Si kweli pia kwamba bawa kubwa humaanisha kasi kubwa. Kila mkandamizo hulipiwa kwa ukinzani, na ndiyo maana Monza, penye njia ndefu zilizonyooka, timu hufunga mabawa membamba, ilhali Monaco, penye kona zinazobanana kama vichochoro vya Mji Mkongwe, hufunga yaliyo makubwa kabisa.

Hata hivyo, utajiri mkubwa wa mkandamizo uko kwenye sakafu, sehemu ambayo mtazamaji haioni. Ukiubana mdomo wa mpira wa kumwagilia, maji hutoka kwa kasi. Hewa nayo ikipitishwa penye upenyo mwembamba hukimbia, na hewa inayokimbia hushuka mgandamizo wake, yaani nguvu ambayo hewa husukumia vitu inavyovigusa. Tumeliona jambo hili kwenye dhoruba: upepo mkali unapita juu ya paa la bati, mgandamizo wa juu unashuka, na hewa tulivu iliyomo ndani ya nyumba inayasukuma mabati kutoka chini mpaka misumari inang'oka. Lipindue paa hilo juu chini, liweke sentimita chache kutoka ardhini, na utakuwa umepata sakafu ya gari la mbio. Hewa inakimbia chini yake, mgandamizo unashuka, na gari zima linanyonywa kuelekea lami.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa silaha ni timu ya Lotus ya Colin Chapman, kwa magari yake ya 1977 na 1978. Pembeni mwa gari palichongwa mifereji yenye umbo la bawa, na ili hewa ya nje isipenye na kuuharibu mnyonyo ule, kingo zilizibwa kwa vibao vinavyopanda na kushuka vikifuata lami, vilivyoitwa sketi. Mario Andretti alitwaa ubingwa wa 1978 kwa gari hilo. Sketi zilikuwa na hatari yake lakini, kwa sababu ikikwama moja tu katikati ya kona, mkandamizo hupotea kwa ghafla na dereva hubaki bila la kufanya. (Wanaofuatilia Safari Rally, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na makao yake Naivasha, watatambua kwa nini magari yale hayategemei ujanja huu: gari linalopaswa kunyanyuka juu ya mawe na mashimo haliwezi kuwa na upenyo mwembamba chini yake.)

Mwenye nyumba na mpangaji

Mwenye nyumba anamwandikia mpangaji: ni marufuku kupikia jiko la mkaa chumbani. Mpangaji analeta jiko la mafuta ya taa. Amevunja sheria? Kwa nia ya mwenye nyumba, ambaye aliogopa moto na moshi, amevunja. Kwa maandishi, hajavunja. Mwezi unaofuata karatasi ya ukutani inasomeka: jiko la aina yoyote. Naye mpangaji anauliza kama birika la umeme ni jiko.

Ndivyo kitabu cha sheria za kiufundi cha FIA kinavyokua, na ndicho ninachoomba msomaji akishike, kwa kuwa mengine yote yanategemea hapo. Sheria ina nia, ina maneno, na ina kipimo. Nia huwa kupunguza kasi kwenye kona, kulinda maisha, au kuwezesha gari moja kulifuata jingine kwa karibu. Maneno hujaribu kuibeba nia hiyo. Kipimo ndicho kinachotumika gereji. Mwanya wa sheria hukaa pale ambapo vitu hivi vitatu havikukutana.

Mfano wa maneno ni gari la Brabham lililobuniwa na Gordon Murray mwaka 1978. Baada ya mabawa marefu kuvunjika kwenye mbio za Uhispania za 1969 na kusababisha ajali mbaya, vifaa vinavyosogea kwa ajili ya kuongoza hewa vilikuwa vimepigwa marufuku. Murray aliweka feni kubwa nyuma ya gari. Feni hiyo ilifyonza hewa kutoka chini ya sakafu na kulibana gari kwenye lami, lakini pia ilivuta hewa kupitia rejeta. Sheria iliulizia kusudi kuu la kifaa, na Brabham walijibu kwamba sehemu kubwa ya hewa inayovutwa ni ya kupoza injini. Niki Lauda alishinda nalo huko Anderstorp, Sweden, akimwacha wa pili kwa zaidi ya sekunde 34. Ushindi ulibaki wake, ila gari lile halikushindana tena: mwenye timu, Bernie Ecclestone, alikubali kuliondoa kutokana na malalamiko ya timu nyingine.

Mfano wa kipimo unatoka kwa Murray huyo huyo. Mwaka 1981 sketi zinazosogea zilikatazwa, na ikaagizwa kwamba gari liwe na nafasi ya sentimita 6 kutoka ardhini. Lakini nani angeipima nafasi hiyo gari likiwa kwenye mwendo kasi? Ilipimwa gari likiwa limesimama. Brabham wakafunga springi zinazofanya kazi na hewa na maji maalumu: gari liliposhika kasi, hewa ililikandamiza, maji yakasukumwa polepole kwenda kwenye hifadhi yake, na gari likashuka hadi karibu na lami. Mwisho wa mbio, dereva alipopunguza mwendo akirudi, gari liliinuka tena taratibu, na mbele ya mkaguzi zile sentimita 6 zilikuwepo. Hakuna mtu aliyebonyeza kitufe chochote. Hewa ndiyo iliyoshusha gari. Nelson Piquet alikuwa bingwa mwaka huo. Kufikia 1983 wenye sheria walikata mzizi wenyewe na kuagiza sakafu iwe bapa.

Ubao ulikotoka

Mei 1 mwaka 1994 dereva Ayrton Senna alifariki kwa ajali huko Imola, Italia, siku moja baada ya Roland Ratzenberger kufia kwenye njia ile ile. FIA ilitaka magari yapunguzwe kasi kwenye kona bila kusubiri msimu mpya, na hatua mojawapo ilikuwa kufunga ubao wa milimita 10 chini ya kila gari, ambao ungeruhusiwa kulika kwa milimita 1 tu. Kazi yake ni kuwa shahidi. Kadiri sakafu inavyokaribia lami ndivyo mnyonyo unavyokuwa mkali, na kwa kuwa hakuna mkaguzi anayeweza kukimbia na rula kando ya gari, ubao hubeba alama za jinsi gari lilivyokuwa likikaa njiani. Somo la sentimita 6 za mwaka 1981 lilikuwa limeeleweka: pima kitu ambacho mwendo wenyewe unaacha alama juu yake.

Agosti mwaka huo huo, Michael Schumacher alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho huko Spa, Ubelgiji, kisha akaondolewa kwa sababu ubao ulikuwa umelika kupita kiasi. Timu yake ya Benetton ilieleza kwamba ubao uliharibika gari lilipozunguka na kupanda kingo za njia. Maelezo hayo hayakukubaliwa, na ushindi akapewa Damon Hill. Yaliyosemwa mwaka ule kuhusu kuiba na kuonewa yanafanana sana na yaliyosemwa baada ya Las Vegas, miaka 31 baadaye.

Mwanya mkubwa kuliko yote niliyoifuatilia mimi ulikuja 2009. Sheria zilikuwa zimeandikwa upya ili kupunguza mkandamizo kwa kiasi kikubwa, na mojawapo ya sehemu zilizobanwa ilikuwa difyuza, yaani mwisho wa sakafu unaopanda juu kuelekea nyuma, ambao huitanua hewa inayotoka chini na hivyo kuivuta ya mbele ikimbie zaidi. Kimo chake kiliwekewa mpaka wa milimita 175. Sheria ilikataza pia matundu kwenye sakafu, ili hewa isipitishwe kwa njia za panya. Lakini sakafu ya gari ilikuwa na ngazi mbili, ya katikati ikiwa chini na za pembeni zikiwa juu kidogo. Timu za Brawn, Toyota na Williams ziliuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: tundu ni uwazi uliomo ndani ya uso mmoja; je, nafasi iliyo kati ya nyuso mbili tofauti ni tundu? Ukisimama kwenye ngazi, nafasi iliyopo kati ya kidato na kidato si shimo la kidato chochote. Kwa hoja hiyo walipitisha hewa kwenye nafasi hiyo, wakajenga difyuza ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ferrari, Renault na Red Bull zilipinga. Aprili 2009 mahakama ya rufaa ya FIA iliamua kwamba difyuza zile ni halali, na timu nyingine zikaanza kuchonga magari yao upya katikati ya msimu. Jenson Button wa Brawn alikuwa akiendesha gari la timu ambayo miezi michache nyuma ilikuwa imetelekezwa na Honda na kuuzwa kwa mkuu wake, Ross Brawn, kwa pauni moja. Alishinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo na kuwa bingwa. Kufikia 2011 difyuza mbili zilikuwa zimekatazwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mwanya ni jina la heshima la wizi. Anayeiba hujificha asikaguliwe. Aliyepata mwanya hupeleka gari lake kwa mkaguzi na kusimama nalo mahakamani.

Mwaka 2010 McLaren walitumia hoja nyingine yenye uzuri wake. Vifaa vinavyosogea vimekatazwa, lakini mwili wa dereva si kifaa. Wakatoboa tundu ndani ya chumba cha dereva, naye kwenye njia iliyonyooka aliliziba kwa mguu, na hewa ikaelekezwa kwenye bawa la nyuma ili kulivuruga na kupunguza ukinzani wake. Kulikuwa na hofu ya wazi, kwa sababu timu nyingine ziliiga kwa namna zao na baadhi ya madereva wakajikuta wakiondoa mkono kwenye usukani kwa mwendo wa kutisha. Ujanja ule ulikatazwa kwa msimu wa 2011, na msimu huo huo FIA ikaleta bawa la nyuma linalofunguka kwa kitufe, likiwa na lengo lile lile la kupunguza ukinzani. Kilichoanza kama mwanya kikawa kifungu.

Kwa nini mianya haiishi

Wengi huuliza kwa nini FIA isiandike tu kwamba gari lisiwe na bawa linalopinda, yakaisha. Imeandika. Tatizo ni kwamba hakuna kitu duniani kisichopinda kabisa. Hata daraja la zege hupinda lori likipita. Kwa hiyo marufuku ya kupinda hulazimika kuwa kipimo: bawa hutundikiwa mzigo wa kiasi fulani mahali fulani, na kupinda kwake hakupaswi kuzidi milimita kadhaa. Mara tu kipimo kinapotajwa, mhandisi anajua pa kuelekea. Bawa la nyuzi za kaboni hutandazwa tabaka kwa tabaka kama mkeka unaosukwa, na mwelekeo wa nyuzi katika kila tabaka huamua bawa litakaza upande gani na kulegea upande gani. Bawa linaweza kukaa imara pale linapotundikiwa mzigo gereji, na likajikunja kwa namna nyingine hewa inapolishika njiani.

Mwaka 2024 picha za gari la McLaren huko Baku zilionyesha bawa la nyuma likifungua upenyo mdogo kwenye mwendo kasi. Lilikuwa limefaulu vipimo vyote, na bado timu ilikubali kulirekebisha baada ya kuzungumza na FIA. Kuanzia mbio za Uhispania za 2025 kipimo cha bawa la mbele nacho kilikazwa, kiasi cha kupinda kilichoruhusiwa kikashuka kutoka milimita 15 hadi 10 kwa mzigo ule ule.

Ipo pia njia ya barua, ambayo haionekani kwenye televisheni. Timu yenye wazo huweza kuiuliza FIA kabla ya kutengeneza. Swali hilo ni gumu kulitunga, kwa maana ukieleza sana unaweza kuuonyesha mwanya na ukazibwa kabla hujautumia, na ukieleza kidogo unaweza kupewa jibu lisilokulinda. Timu nyingine huuliza kwa makusudi kuhusu kitu ambacho imekiona kwa jirani: je, tukitengeneza hivi itaruhusiwa? Jibu likiwa hapana, jirani ndiye anayevuliwa nguo. Ufafanuzi wa aina hiyo ukisambazwa kwa timu zote, bawa lililokuwa halali mwezi uliopita linaweza kuondolewa bila hata neno moja la sheria kubadilika, jambo ambalo mashabiki wengi huliona kama upendeleo kwa sababu hawakuiona barua.

Sheria zenyewe nazo huzaa mambo ambayo mwandishi wake hakuyaota. Mwaka 2022 mifereji ya chini ya sakafu iliruhusiwa tena, kwa nia njema ya kupunguza hewa chafu, yaani iliyovurugwa na gari la mbele, inayolisumbua gari la nyuma. Magari yakaanza kudunda: sakafu inavutwa chini, upenyo unazibwa, mnyonyo unakatika, gari linaruka, kisha linavutwa tena, mara nyingi kwa kila sekunde. Lewis Hamilton alishuka garini Baku mwaka huo akiwa ameshika mgongo kwa maumivu. FIA iliingilia kati kwa sababu ya afya za madereva, na msimu uliofuata kingo za sakafu zikaagizwa ziinuliwe kwa milimita 15.

Kwa msimu wa 2026 kitabu kimeandikwa upya. Mifereji mikubwa ya chini imepunguzwa na sakafu imekaribia kuwa bapa tena, na mabawa ya mbele na nyuma sasa yanasogea kwa ruhusa ya sheria, yakilala kwenye njia iliyonyooka na kusimama kwenye kona. Chini ya tumbo ubao bado upo. Umetobolewa matundu yaliyotajwa kwenye sheria, na ni kando ya matundu hayo tu ndipo unene wake hupimwa. Hapo hapo hufungwa vipande vya metali, ambavyo ndivyo vinavyorusha cheche unazoziona usiku gari likigusa lami. Mbio zikiisha, mkaguzi hulala chini ya gari akiwa na kifaa chake cha kupimia, husoma namba kwenye kila tundu, na kuiandika.